Dor, na Koti la Bibi

Kila asubuhi kabla ya shule, Anuța aliwamwagia kuku mahindi, kisha akapanda darini kuhakikisha koti liko palepale chini ya nyasi kavu. Lilikuwa koti la ngozi ya kondoo la marehemu bibi yake. Alikuwa ameliiba.

Kijijini kwao nguo za marehemu hugawiwa majirani, pamoja na mkate na mshumaa unaowaka, ili naye asikose cha kuvaa huko aliko. Koti hilo bibi alimwahidi jirani yake, mzee Paraschiva. Siku ya kugawa halikuonekana, na Paraschiva akarudi kwake mikono mitupu. Mama yake Anuța aliona aibu mpaka akalia.

"Mama yangu atapigwa na baridi huko aliko," alisema.

Anuța alisikia. Tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Darasani, Mwalimu Traian aliandika ubaoni neno dor.

"Neno hili lina ndugu," alisema. "Waitaliano, Wahispania na Wareno wana maneno ya ukoo huohuo, yote uzao wa Kilatini. Kwao ni maumivu. Sisi Waromania tumelifanya hamu ya kumwona mtu asiyekuwepo. Nani atupe mfano?"

"Mimi nina dor ya chakula cha mchana," alisema Vasile. Darasa likacheka.

"Wewe umetawaliwa na tumbo. Haya, Anuța?"

Anuța alisimama. Alilia mbele ya wote, hata Vasile akaacha kucheka.

Jioni alimwekea mama yake koti mapajani. "Mama, mwizi ni mimi. Nilitaka nibaki na harufu ya bibi."

Mama alilinusa, akalinusa tena. Lilinuka nyasi tu. Wakalia pamoja.

"Hata mimi nilitamani kulificha, mwanangu," mama alisema. "Lakini ahadi ya marehemu si mali yetu."

Walioka mkate, wakawasha mshumaa, wakaenda kwa Paraschiva. Anuța mwenyewe ndiye aliyeeleza yote. Mzee yule alilivaa koti palepale mlangoni.

"Mungu amrehemu," alisema, akimvuta Anuța kifuani. "Kumlilia bibi yako si aibu, mjukuu wangu. Aibu ni kuficha. Uchungu ukiufungia ndani peke yako, unakufanya mwongo. Ukizidiwa, njoo kwangu tumlilie pamoja. Hata mimi uchungu huo huninyima usingizi."