Mfuko Kwenye Kitasa cha 202

YAH: MFUKO MMOJA WA KARATASI ULIOTUNDIKWA KWENYE KITASA CHA CHUMBA 202 (ONYO LA KWANZA, LA UPOLE).

Ndivyo barua ilivyoanza, na Tashoy aliisoma mara mbili, viatu vikiwa bado mkononi. Mwandishi alikuwa Bwana Kuramochi, msimamizi wa jengo, mtu awezaye kujaza kurasa mbili kuhusu baiskeli iliyoegemezwa ukuta usio wake. Chumba 202, aliandika, hakina mpangaji mwaka wa sita sasa. Kwa hiyo wapangaji wanaombwa wasikisalimie.

Kosa lenyewe lilikuwa la adabu. Tashoy alikuwa binti wa Jamaika, miaka ishirini na minne, aliyekuja mji wa Kijapani wa Yonago kufundisha Kiingereza shule ya msingi. Madalali kumi na mmoja walimnyima nyumba, kila mmoja akiinamisha kichwa na kusema kwamba mwenye nyumba "ana wasiwasi kidogo." Wa kumi na mbili alipompa chumba 201, aliapa hatampa mtu yeyote sababu ya kumtoa. Alitenganisha takataka kwa umakini wa mfamasia. Ndani alitembea kwa soksi. Na kwa kuwa anayehamia huwapelekea majirani taulo, alipeleka taulo. Pale 202 hakuna aliyeitika, akatundika mfuko, akauinamia mlango, akasema: "Mimi ni jirani yako mpya. Naomba unipokee vizuri."

Asubuhi mfuko haukuwepo. Kwenye kitasa chake mwenyewe ulining'inia mwingine, na ndani yake machenza matatu, yameoshwa, yana majani.

"Umekula?" aliuliza Marivic, Mfilipino wa chumba 203, aliyekuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee na hakushtushwa na mengi.

"Moja tu, dada."

"Moja tu, anasema! Huku kitu kikipokelewa kinarudishiwa, mtoto. Sasa ni zamu yako."

"Zamu yangu kwa nani? Si hamna mtu?"

"Ndiyo maana mimi taulo la 202 nilijifutia mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

Marivic aliutazama mlango wa 202, akashusha sauti. "Nilikuona umeshainama. Nikasema, huyu keshamaliza." Akaingia kwake, akafunga.

Tashoy hakurudisha kitu. Majini ya kwingine huvunja vyombo. Hili lilibisha hodi. Kila siku saa kumi na moja jioni, taratibu, kwa subira ya mtu asiyetaka kusumbua, na chini ya mlango ikapenya harufu ya jamvi lililolowa na ubani wa zamani. Siku ya nne alishindwa, akatundika pakiti ya biskuti. Asubuhi alikuta kifurushi cha karatasi ya maua, na ndani, zikiwa zimeoshwa, zimechanwa na kupangwa kwa urefu, nywele zake mwenyewe, zile alizozitoa alipofumua misuko na kuzitupa siku ya takataka za kuchomwa.

Akarudisha sabuni. Angefanyaje?

Kwenye treni ya kwenda shuleni, kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu siku zote; watu walikuwa radhi kusimama nusu saa kuliko kukaa karibu na ngozi yake, naye alishazoea, mkoba wake ukastarehe hapo. Jumatatu hiyo behewa lilifurika, na mzee mmoja akaja kukaa, Tashoy akauondoa mkoba upesi kwa furaha ambayo baadaye aliionea haya, lakini mzee akasita, akakiinamia kile kiti kitupu, akanong'ona, "Samahani, sikuona kuna mtu," akarudi nyuma akiwakanyaga watu, huku harufu ya jamvi lililolowa ikipanda polepole hadi begani kwa Tashoy, na kitambaa cha kiti kikibonyea kama anayekikalia amesogea kumpa nafasi.

Alimwendea Bwana Kuramochi. Ilikuwepo fomu ya kelele, fomu ya harufu, fomu ya panya. Ya jirani asiyekuwepo haikuwepo.

"Labda ungependa kuhama?"

"Nihamie wapi?"

Bwana Kuramochi akamwandikia namba ya simu ya hekalu.

Kuhani wa hekalu alikuja kesho yake adhuhuri, akafukiza, akasoma hadi sauti ikamkauka, kisha akaweka sikio ukutani.

"Nani alianza kusalimia?"

"Mimi."

"Kwa maneno yote?"

"Yote. Niliyakariri."

"Basi, binti, mvamizi ningemfukuza. Jirani aliyeombwa ujirani, siwezi. Itakoma siku mmoja wenu atakapotoa kitu kisichorudishika." Akamwachia hirizi na karatasi ya maoni kuhusu huduma.

Jumapili bibi yake, Bibi Verlyn, mtu pekee aliyebaki naye duniani, alipiga simu kutoka Jamaika.

"Mjukuu wangu, huyo mwenzako ana adabu kweli!"

"Mwenzangu yupi, Bibi?"

"Si huyo aliyepokea simu jana ukiwa bafuni. Kasauti ka chini, kama anaongea ndani ya ndoo. Kaniuliza mlango wetu rangi gani, na mimi nalala upande upi."

"Bibi, hukumwambia."

"Mtu anayekutunza nimfiche? Nimemtumia keki nyeusi ya Krismasi, imekunywa ramu kuliko marehemu babu yako. Kasema hawezi kupokea bila kurudisha, na safari hii ataleta mwenyewe. Tashoy?"

"Izuie huko posta, Bibi. Tafadhali."

"Ilishaondoka, mwanangu."

Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akikunja karatasi, taratibu, akipanga vitu vya safari.

Daftari la Bwana Kuramochi linasema mpangaji wa 201 amehama kwa hiari, ameacha chumba kisafi, hakuacha anwani. Shule ilipewa nakala, nayo ikaigonga muhuri.

Hakuhama. Jumanne saa kumi alasiri, keki ikiwa bado njiani, Tashoy alivaa gauni lake zuri, akabisha 202 mikono mitupu, akasema kama wasemavyo huku watoao zawadi, "Ni kitu kidogo kisicho na maana, tafadhali kipokee," mlango ukafunguliwa, akaingia. Bibi Verlyn hajaletewa kitu.