Joto la Ziada Ndani ya Tungi

Tungi jeusi lilikuwa limepoa tangu asubuhi, lakini kipimo kilichofunikwa juu ya mdomo wake kilisoma joto la mtu mzima.

Fundi alikigonga kwa ukucha. Kazi yake ilikuwa kurekebisha vipimo vya joto lisiloonekana, lile linaloshuka kutoka angani hata mawingu yakiwa yametanda. Kila kipimo hulazwa kifudifudi juu ya tungi lililopozwa hadi kiwango cha baridi kinachojulikana; kikikosea, kinasahihishwa. Akaleta kingine, na kingine. Vyote vilikosea sawasawa.

"Labda kuna mtu humo," mdogo wake alitania. Walifanya kazi chumba kimoja. Fundi ndiye dada aliyemlea tangu mama yao afariki, na mpaka leo, binti huyo akiwa na chumba chake anakoishi peke yake, bado alimuuliza kila siku kama amekula.

"Mtu gani anaenea kwenye tungi? Ni fukuto la chumba tu. Hiyo ziada itoe kwenye hesabu, vipimo vinangojwa."

Ndivyo walivyozoea. Kosa likiwa moja kwa vyote, linapunguzwa ndani ya kila kipimo, kazi inasonga.

Adhuhuri ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Kisha ndani ya tungi kitu kikashusha pumzi, polepole, kama mtu aliyechoka kungoja, na mdogo mtu akainama kuchungulia kabla dada yake hajamwahi, akainuka midomo imemkauka, macho yameiva, na shingo yake ilikichoma kiganja cha Fundi, ambaye alibabaika kuitafuta namba ya shangazi yao kwenye simu aliyoishika mkononi.

Shangazi alikuwa mtaalamu wa kutoa majini. Alifika, akafunga madirisha, akasoma kwa sauti ya chini mpaka binti akatetemeka, akapiga chafya, akaomba maji.

"Limetoka?" Fundi alinong'ona.

"Si una mashine zako wewe? Pima."

Akamwelekezea mdogo wake kipimo. Joto la mtu mmoja. Fundi alilia kwa furaha bila aibu, akamkumbatia, akamwitia teksi akapumzike kwake.

Baada ya chai, shangazi alikuwa akivaa viatu Fundi alipokirudisha kipimo kwenye rafu, kisha akakitazama tena. Kile alikwisha kukisahihisha. Kilipunguza joto la mtu mmoja katika kila kilichopimwa. Mdogo wake angekuwa peke yake, kisingesoma joto la mtu yeyote.

Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nimefika, dada, ndio kwanza nakaa kitandani. Ila sielewi." Sauti ilishuka. "Huku upande wa ukutani shuka lina joto, na mto umebonyea."

"Toka nje. Usigeuke, mdogo wangu, toka tu."

Kitanda kikalia kwenye simu.

"Siwezi, dada," binti alinong'ona. "Kuna mtu amenishika mkono."