Simu Moja, Watu Tisa

"Umenifuta, Bertha! Sema tu kwamba umenifuta!"

"Nikufute na nini, Bi Saleha? Mimi nina ufutio?"

"Jina langu lilikuwemo. Wewe ukaenda kuandikwa, la kwangu likatoka. Au alilitoa jini?"

Wawili hao walikuwa wamesimama katikati ya ua, viuno vimefungwa kanga. Ua wenyewe ni mmoja, milango minne. Muheza ugomvi haukosi watazamaji. Aliyekuwa akifua aliacha povu likamkaukia mikononi. Sabra wa mlango wa tatu alitoka na kijiko chake cha mchuzi, akasahau kukirudisha chunguni.

Najat alisimama kati yao na ndoo ya maji. Hakujua aiweke wapi. Saleha ni shangazi yake, dada wa baba yake. Na Bertha, ambaye ua mzima unamwita Mama Precious, ni kama shangazi wa pili. Mmoja ni wa msikitini, mwingine ni wa kwaya ya Kilutheri. Miaka ishirini wamepeana chumvi, moto na umbea. Hawajawahi kugombana namna hii.

"Miezi mitatu!" alisema Bi Saleha. "Nimeambiwa nisubiri miezi mitatu mingine. Nitakuwa naona nini miezi mitatu?"

Aliingia ndani, akafunga mlango.

Bi Saleha huuza machungwa ya kumenya pale stendi. Mwaka huu amepata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Dunia anaiona kama iko nyuma ya chandarua. Machungwa anayamenya kwa kupapasa, na vidole vyake havikosi majeraha. Kila baada ya miezi mitatu madaktari wa macho hufika kituo cha afya. Wanaotaka kuonwa huandikwa mapema kwenye kompyuta ya kituo. Kisha ujumbe huwafikia kwa simu, kuwaambia siku yao.

Bi Saleha hana simu. Watu wengi wa ua ule hawana. Hutoa namba ya Mama Precious, kwa kuwa yeye simu yake haizimi na yeye mwenyewe haondoki nyumbani.

Aliyewaandika wote wawili ni Najat. Hufanya kazi kwenye duka la steshenari, na alisomea kompyuta Tanga mjini. Siku mbili kwa wiki hujitolea kituoni. Jumatatu alimwandika shangazi yake. Jumatano akamwandika Mama Precious, aliyetaka miwani. Ijumaa ujumbe ukaja wa Mama Precious peke yake. Siku ya madaktari, Bi Saleha alikwenda hivyo hivyo. Muuguzi akatafuta jina, halimo.

Maneno ya uani hayakumtoka Najat moyoni. Kesho yake aliomba ruhusa kituoni, akafungua programu ile kwa majaribio. Inaitwa Kumbusho. Akaandika mgonjwa wa uongo, Kuku Mwekundu. Akaandika wa pili, Kuku Mweupe, kwa namba ile ile ya simu. Akatazama orodha. Kuku Mweupe yumo. Kuku Mwekundu ametoweka.

Alirudi mbio. "Shangazi, si Mama Precious! Ni programu. Namba ya simu ikijirudia, inadhani ni mtu yule yule. Inamtoa wa kwanza, inamweka wa pili."

"Programu haina mkono," alisema Bi Saleha.

"Wallahi nimeona kwa macho yangu."

"Basi una bahati, una macho. Siku itakayotuandika sote wawili, nitaamini. Kabla ya hapo usinitajie huyo mwanamke."

Najat alijua kuwa Kumbusho ni programu huria. Maana yake, maandishi yaliyoiunda, yaani msimbo, yamewekwa wazi kwenye mtandao. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyachukua na kuyarekebisha. Basi akakaa siku mbili. Akarekebisha lile kosa. Alipoona mkono umekubali, akabadili na rangi ikawa kijani. Akakuza herufi. Akaweka salamu ya shikamoo mwanzoni. Akapanga upya kurasa tatu. Mzigo wote akawatumia wasimamizi wa programu, na maneno mawili: "Nimetengeneza. Tumieni."

Jibu lilikuja baada ya siku nne. "Asante kwa kazi yako. Hatuwezi kuipokea. Mabadiliko ni mengi, na hatujui lipi linatibu nini."

Najat alinuna. Jioni alikuwa kizingitini, uso umemvimba, wakati jirani yao Wilfred anarudi kutoka kazini. Wilfred hutengeneza programu kwenye ofisi moja ya Raskazone, Tanga mjini, na hurudi Muheza kwa basi kila siku.

"Dada Najat, nani kafa?"

"Hawa watu wa Kumbusho wana kiburi, kaka Wilfred. Nimewatengenezea kitu bure, wamekikataa. Bora niweke nakala yangu pale kituoni, yaishe."

"Yaishe kwa muda gani? Wenyewe wakitoa toleo jipya, litaifunika yako. Kosa litarudi. Na vituo vingine vyenye kosa hilo hilo, utakwenda kimoja kimoja na baiskeli?"

Wilfred akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Umewahi kupika kwenye shughuli?"

"Nani hajapika kwenye shughuli?"

"Sufuria la pilau la watu mia tatu. Ukiona chumvi imepungua, unafanya nini?"

"Namwita mpishi mkuu aonje."

"Humwagi tu?"

"Nimwage nitukanwe?"

"Haya. Na wewe hawa umewamwagia chumvi, pilipili, na maji ya ndimu, usiku, hawapo. Halafu unashangaa wamekutoa jikoni."

Najat alicheka bila kupenda. Wilfred akamwomba kompyuta yake, wakafungua ukurasa wa Kumbusho pamoja. Najat akamwonyesha kosa lile, na jinsi alivyolijaribu kwa kuku wawili.

"Hapa pana maelekezo kwa wachangiaji. Uliyasoma?"

"Marefu."

"Yasome. Ni adabu ya jikoni kwao. Kisha tazama kama kuna mwingine aliyewahi kulisema kosa hili. Hakuna? Liseme wewe. Andika ulifanya nini, ulitarajia nini, ikatokea nini. Waandikie na hao kuku wako wawili, ili mtu aliye mbali arudie na aone mwenyewe."

"Na marekebisho?"

"Chukua nakala mpya. Ndani yake fungua tawi, yaani njia ya pembeni, ukiharibu usiharibu shina. Badilisha jambo moja tu, lile la namba. Rangi iache. Salamu iache, hata kama ni nzuri. Halafu andika jaribio: kompyuta iandike watu wawili kwa simu moja, ihakikishe wote wamebaki. Hapo ndipo utume, na ueleze kwa nini."

Najat alifanya hivyo hivyo. Mara hii badiliko lilikuwa mistari tisa tu. Maelezo yake yalikuwa marefu kuliko kazi yenyewe.

Siku ya tatu alijibiwa na msimamizi mmoja, mwanamke aitwaye Marta, aliye Ureno. Najat akasoma kwa sauti, huku akitafsiri: "Kwetu kila mtu ana simu yake. Watu wawili watumie namba moja kwa nini? Huenda aliyewaandika wagonjwa alikosea namba."

"Aliyewaandika ni mimi!" alisema Najat. "Anatuona washamba huyu!"

"Hajui," alisema Wilfred. "Hajawahi kukaa ua huu. Ameuliza, na swali si tusi. Mweleze."

Najat akatulia. Akatoka, akahesabu mlango kwa mlango. Simu ya Mama Precious ilikuwa inatumiwa na watu tisa. Akamwandikia Marta hivyo, pamoja na sababu: mwingine hana simu, mwingine haoni vizuri, mwingine simu yake inashinda shambani na mwanawe.

Jibu la Marta lilikuja siku hiyo hiyo. "Sikulijua hilo. Ahsante kwa kunieleza. Lakini sasa nina wasiwasi mwingine. Ujumbe wetu hutaja na kliniki ambayo mgonjwa anakwenda. Ukisomwa na mwenye simu, siri ya mgonjwa itakuwaje?"

Jambo hilo Najat hakuwa ameliwaza. Hata Wilfred alikuna kichwa.

"Hili si la kwangu wala lako," alisema Wilfred. "Waulize wenyewe."

Akawauliza pale uani, kila mtu yuko mlangoni pake. Bi Saleha alijibu akitazama ukuta.

"La macho si siri. Kila mtu ananiona ninavyojikwaa. Lakini kuna maradhi mtu hamwambii hata mumewe."

Mama Precious akajibu kutoka mlango wake, naye akitazama paa. "Mwambieni huyo bibi wa Ureno, mimi ujumbe wa mtu nikiusoma hausikiki pengine."

"Wa Sabra ulisikika mpaka stendi," alisema Bi Saleha.

"Ule aliusoma yule mtoto Sele kwa sauti, si mimi! Nilimpa anisomee, miwani sikuwa nayo!"

"Ndiyo maana nasema! Ukimpa Sele, ni sawa na kupiga mbiu!"

Sabra alicheka mpaka akashika mlango. Halafu ikaonekana kwamba wale wawili wamegeukiana na kujibizana uso kwa uso, na wenyewe wamelitambua hilo. Bi Saleha alikohoa.

"Andika hivi, Najat," alisema kwa upole. "Jina la mtu na siku yake. Basi. La nini, mwenyewe anajua."

"Na mimi naafiki," alisema Mama Precious.

Najat akapeleka shauri hilo kwa Marta. Marta alilipenda, ila akaomba lije peke yake, kama badiliko la pili, ili kila moja lipimwe kwa wakati wake. Najat akatii. Jaribio moja lilianguka, kwa kuwa alisahau alama moja ndogo. Akasahihisha, akatuma tena. Marta akamwomba abadili jina la kitu kimoja ndani ya msimbo, lieleweke zaidi. Akabadili. Kisha pakawa kimya kwa juma zima. Kila asubuhi alifungua ukurasa, hakuna. Kila jioni Wilfred alimwambia neno moja tu: "Subira." Alilichoka neno hilo.

Siku kazi yake ilipopokewa, Najat alikuwa dukani akitoa nakala za vyeti vya mteja. Ujumbe ukaingia kwenye kompyuta ya duka. Mabadiliko yote mawili yameingia kwenye programu. Jina lake limewekwa kwenye orodha ya wachangiaji, na Marta ameongeza mstari chini yake: "Pamoja na majirani zake wa Muheza, waliotufundisha." Najat alitoa nakala za mteja mbili zaidi ya alizoombwa.

Toleo jipya lilipofika kituoni, muuguzi aliliweka kwenye kompyuta. Uandikishaji wa safari nyingine ya madaktari ulikuwa ndio kwanza umefunguliwa. Najat akamwandika Bi Saleha. Akamwandika Mama Precious, aliyekuwa anarudi kupimwa tena. Namba ile ile. Akaitazama orodha mara tatu. Majina mawili, moja chini ya jingine.

Ijumaa mchana, Bi Saleha alikuwa ndani akipakua. Najat alikuwa akimshikia sahani. Kivuli kikasimama mlangoni.

"Hodi," alisema Mama Precious. Alikuwa ameshika simu mbele yake kwa mikono miwili. "Zimekuja mbili, Bi Saleha. Moja yangu. Nyingine ina jina lako juu. Sijaendelea kuisoma."

Bi Saleha hakugeuka upesi. "Wewe, Bertha, usisome ujumbe wa mtu?"

"Nimesema sijasoma."

"Basi soma. Mimi sioni."

Mama Precious alivaa miwani yake mipya, akaisogeza simu, akaivuta. "Saleha Mbaruku. Fika kituoni Alhamisi, saa mbili asubuhi." Akaishusha simu. "Na mimi ni Alhamisi. Nitakushika mkono."

Bi Saleha alifuta mikono yake kwa kanga. Alifuta na macho. Akapapasa kabatini, akatoa sahani nyingine, akaipuliza vumbi.

"Sasa unasimama mlangoni kama mgeni wa serikali," alisema. "Vua viatu uingie, mwenzangu. Kuna ugali wa bada la muhogo na kisamvu cha nazi. Njoo tule kabla hakijapoa."