Mashapo ya Mvinyo wa Iradukunda

Chupa ilikutwa tupu kwenye shimo la taka, nyuma ya kibanda cha mlinzi, nyumbani kwa Mzee Barutwanayo, Ujiji. Inspekta Leodgar aliiinua kwa leso akaielekeza juani. Mvinyo mwekundu wa Bordo, Ufaransa, mwaka 1990. Ndani yalibaki mashapo meusi, mazito.

Mlinzi Yassir, asiyegusa pombe maishani mwake, alikuwa tayari mahabusu. Eti kauiba mvinyo wa bosi wake, kauuza, akatupa chupa. Majirani walikwishamhukumu, na Leodgar uharaka huo ulimkera sana.

"Chupa moja tu, Mzee Barutwanayo?"

"Moja, afande, lakini si ya kawaida. Niliinunua Bujumbura alipozaliwa mwanangu Iradukunda, tuje tuifungue arusini kwake. Tulipokimbia machafuko mwaka jana, nilivuka nayo ziwa nimeikumbatia."

"Na mwanao?"

"Tulipotezana njiani. Simu yake haipatikani tu. Atakuja."

Leodgar alikohoa kidogo. "Mvinyo wa zamani hivyo unanywewaje?"

Uso wa mzee ukachangamka. "Bila pupa! Chupa unaisimamisha tangu jana yake, mashapo yashuke. Unazibua taratibu. Unamimina polepole, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa ili uone ndani. Mashapo yakikaribia, unaacha. Ukiutikisa, umekunywa tope."

Basi mwizi huyu hakuwa na pupa. Mashapo yote aliyaacha. Na jikoni, kwenye meza iliyo chini ya dirisha kubwa, Leodgar alikuwa ameona nta mbichi ya mshumaa.

"Zamani ukimimina, mshumaa alikushikia nani?"

"Mke wangu."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Vénérande, mkewe, aliyeaga juzi kwenda msibani Mwandiga, mbali na ziwa. Alishika chupa ya chai, na pindo la kitenge chake lilijaa mchanga.

"Pole na safari, mama. Mwandiga siku hizi kuna ufukwe?"

Aliinama akakung'uta mchanga. Leodgar aliipokea chupa ya chai, akafungua kifuniko na kunusa. Haikuwa chai.

"Yassir yuko mahabusu kwa mvinyo huu. Kesho anapandishwa mahakamani."

"Yassir? Mana yanje, Mungu wangu! Mtoeni. Ni mimi."

"Kwa nini, mama?"

Alimgeukia mumewe. "Baba Iradukunda, mtoto alifia Kagunga, pale ufukweni walikoshukia wakimbizi. Aliugua siku ile ile ya kuvuka, wakamzika pale. Niliambiwa zamani. Kila Jumapili ulikuwa unaifuta vumbi chupa ile, nikashindwa kukwambia. Nimempelekea mvinyo wake. Nimeonja kwanza, kama desturi yetu kwa anayemkaribisha mtu kinywaji, halafu nikammiminia kaburini."

"Mbona hukubeba chupa yenyewe?" Leodgar aliuliza.

"Boti ingetikisa mashapo. Sikutaka mwanangu anywe tope."

Leodgar alipiga simu kituoni, Yassir aachiwe mara moja. Hapakuwa na wizi.

Mzee alikuwa akiitazama ile chupa tupu. "Ulionja?"

"Nilionja."

"Ulikuwaje?"

"Ulinukia tumbaku, na udongo uliolowa mvua. Haukuwa mkali hata kidogo." Akamshika mkono. "Ulikuwa umeiva, Baba Iradukunda. Wageni wangeusifia."

Ndipo mzee akamlilia mwanawe.