Siku Dotun Aliposimama Wima

Korkoi nusura amkanyage. Katikati ya soko la Makola, Accra, watu wanasukumana, kijana wa watu mwenye shati jeupe pee alikuwa amelala kifudifudi mbele ya bibi muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi.

"We kaka, umeanguka?"

"Namsalimia bibi," alisema akijipangusa vumbi. "Kwetu Ibadan, Nigeria, mkubwa husalimiwa hivi. Naitwa Dotun. Na wewe, macho makubwa?"

"Macho yangu yanakuhusu nini?" Lakini alicheka, na namba ya simu akaitoa.

Wote walikuwa bado wanasoma sekondari. Kila jioni simu: "Umekula, kipenzi?" "Nimekula, ila sauti yako sijashiba." Korkoi akafa akaoza. Tatizo baba yake, Ataa Okai. Bila ruhusa yake Dotun asingekanyaga pale nyumbani.

"Ila usije ukalala chini," Korkoi alimwonya. "Dada zangu watanicheka mpaka nihame. Inamisha kichwa, basi."

"Mama akisikia nimemsalimia baba yako nikiwa wima, atanikana."

"Mama yako hatakuwepo. Nifanyie mimi, mpenzi."

Jumapili Dotun alikuja amenyoa, shati lilelile limepigwa pasi. Magoti yakaanza kukunjika yenyewe. Korkoi akamtolea macho. Akabaki wima.

"Shikamoo, baba."

Ataa Okai hakuitikia. "Wewe nilikuona Makola, umelala vumbini mbele ya bibi wa kenkey. Nikasema, huyu mtoto kalelewa. Kumbe mimi hata yule bibi simfikii?"

Dotun alimtazama Korkoi. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Lakini dada zake walikuwa mlangoni wamebana vicheko, na msichana huyu, lo, akatazama kandambili zake.

"Nisamehe, baba," Dotun alisema, akatoka.

Korkoi alipiga simu wee, hadi ikapokelewa.

"Dotun, jamani, niliona aibu..."

"Aibu ya nini? Ya kwetu?"

"Namwambia baba leo hii, haki ya Mungu."

"Mwambie. Ila mama kaniuliza nilivyopokelewa, nikamdanganya. Sijawahi kumdanganya mama yangu, Korkoi." Akakata.

Korkoi alimwambia baba yake kweli, akilia. Mzee alisukuma sahani pembeni. "Kumbe aliyenidharau ni wewe. Na mtoto wa watu nimeshamfukuza kwa maneno yangu."

Asubuhi Korkoi alikimbilia Makola. Akamkuta Dotun kifudifudi mbele ya bibi yuleyule. Alisimama pembeni akingoja ainuke. Dotun akainuka, akajipangusa shati, akamwona.

"Habari za asubuhi, dada," alisema kwa adabu zote, akampita.