Kifuani kwa Baba

Josia na mke wake Kabula waliishi Kasoli, njia ya kwenda Bariadi mjini. Walikuwa vijana. Ndoa yao ilifungwa kanisani mwaka uliotangulia, na sasa Kabula alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yake Josia, Bi Minza, aliishi nao uani hapo hapo. Yeye alikuwa ameshatenga kuku wa kumchinjia mzazi, na ole wake mtu atakayewagusa.

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Kila asubuhi Josia alitangulia shambani na viroba begani. Kabula alimfuata taratibu, mkono mmoja kiunoni. Josia alimkataza kubeba mzigo, lakini kuchuma alichuma. Pamba ilikuwa imechanua yote kwa pamoja, na upepo ulikuwa unaipukutisha.

Siku hizo miguu ya Kabula ilianza kuvimba. Viatu vyake vikakataa kuingia. Akachukua katambuga za mume wake, zile ndala nzito za tairi, akawa anatembea nazo.

"Mke wangu, sasa imebaki fimbo tu uende kuchunga," Josia alimtania.

Kabula alicheka. Lakini asubuhi moja aliamka na uso nao umevimba, macho yamekuwa madogo.

"Umelala sana," Josia alisema.

"Sikulala. Kichwa kinauma."

"Ni jua hilo. Leo kaa kivulini."

Akampa vidonge vya maumivu, akaenda shambani.

Jumapili iliyofuata Kabula alipangiwa kusoma somo la siku kanisani. Kabula alikuwa msomaji mzuri. Akisoma, hata watoto walitulia. Josia alikaa kwenye benchi la mbele, kifua mbele, akisubiri kusifiwa.

Kabula alisimama. Akasoma sentensi ya kwanza. Akanyamaza. Akafikicha macho, akarudia sentensi ile ile, akanyamaza tena.

"Samahanini," alisema. "Herufi zinacheza. Naona kama vimulimuli."

Watu wakatazamana. Kwenye safu ya waimbaji alikuwepo Eufrasia, mhudumu wa afya wa kijiji. Hakungoja. Alitoka kwenye kwaya na joho lake, akamshika Kabula mkono, akamtoa nje. Josia akawafuata, uso umemshuka kwa aibu.

Eufrasia alimkalisha Kabula kwenye kiti.

"Kichwa kimeanza lini, mdogo wangu?"

"Tangu juzi. Nikimeza dawa hakisikii."

"Na hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu?"

"Panauma upande wa kulia. Nilidhani ni kiungulia."

Eufrasia alibonyeza mguu wa Kabula kwa kidole. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki kwenye ngozi. Akasimama.

"Josia, tunakwenda hospitali ya mjini."

"Sawa, dada. Ibada ikiisha..."

"Sasa hivi."

"Lakini si ni jua? Tumekuwa shambani wiki nzima."

"Jua halimvimbishi mtu uso," Eufrasia alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini alisema haraka. "Nisikilize. Mama mjamzito akiumwa kichwa kisichokoma, akiona vimulimuli, uso ukivimba, tumbo likiuma hapa juu, hizo ni dalili za hatari. Huenda presha imepanda. Isipotibiwa inaweza kuleta kifafa cha mimba. Ataanguka, atakakamaa. Tunaweza kumpoteza yeye na mtoto."

Bi Minza alikuwa ameshafika, kanga imemteleza begani.

"Kifafa? Hicho ni cha kutupiwa!" alisema. "Tumrudishe nyumbani kwanza. Iko mizizi ya kuchemsha. Mimi niliinywa."

"Mayu, mama yangu," Eufrasia alimwambia, akainama kidogo kwa heshima, "dawa ya kienyeji haishushi presha hii. Inatuchelewesha tu."

Wote wawili wakamtazama Josia. Josia alimtazama mke wake. Kabula alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imefunika macho, kama mtu anayekimbia mwanga. Hapo ndipo Josia alipoogopa kweli. Aliona kwamba wiki nzima alikuwa anatania ugonjwa.

"Mama, tunakwenda hospitali," alisema. "Wewe rudi ndani utuombee."

Akamshika Kabula mkono, akamwinua.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na gari. Kabula akalazwa kiti cha nyuma, kwa ubavu wa kushoto. Eufrasia alipiga simu hospitali njiani, akawaambia wanampeleka mgonjwa wa namna gani.

Walipofika, nesi aliyeitwa Jenifer alikuwa anawasubiri mlangoni. Alipima presha. Akapima mkojo. Daktari akaja, Kabula akachomwa sindano ya kuzuia kifafa, akapewa na dawa ya kushusha presha. Josia akaambiwa angoje nje.

Baadaye Jenifer alimfuata.

"Presha ilikuwa imepanda sana," alisema. "Dawa zinaishusha, lakini ugonjwa huu hauondoki mpaka mtoto azaliwe. Daktari ameamua tumwanzishie uchungu."

"Mbona wakati haujafika?"

"Haujafika, ila umekaribia. Mtoto atakuwa mdogo. Mdogo tunaweza kumlea. Akibaki tumboni, wote wawili wako hatarini."

Josia alitazama mikono yake. Vidole vilikuwa bado na mikwaruzo ya pamba.

"Nesi, kama tungemaliza kuchuma kwanza ndipo tuje, ingekuwaje?"

Jenifer alitikisa kichwa. "Nisingependa kukujibu hilo. Umekuja. Umekuja kwa wakati."

Kesho yake mchana Kabula alijifungua mtoto wa kike. Josia aliposikia kilio alisimama. Kilikuwa kilio chembamba, kama cha paka mchanga. Alipoonyeshwa mtoto, akasogeza kiganja karibu naye. Kichwa chake kingeweza kuenea kwenye kiganja. Miguu ilikuwa kama vidole vya Josia mwenyewe.

"Huyu ni njiti, amezaliwa kabla ya siku zake," Jenifer alisema. "Anapumua vizuri. Mama yake presha inashuka, ila bado yuko kwenye dripu na anahitaji kupumzika. Mtoto naye anahitaji joto. Vua shati."

"Nani, mimi?"

"Kuna baba mwingine hapa?"

Josia alicheka kwa woga. "Nesi, sijaoga tangu jana. Nina jasho la safari."

"Bomba lile pale. Nenda upesi."

Josia alirudi akiwa msafi, kifua wazi. Jenifer alimkalisha kwenye kiti cha kuegemea. Mtoto alikuwa na nepi, kofia na soksi tu. Akamweka kifuani kwa Josia, wima, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue vizuri, miguu imekunjwa kama ya chura. Kisha akawafunga wote wawili kwa kanga, mtoto asiteleze.

"Hii inaitwa kangaruu, kama yule mnyama anayebeba mtoto mfukoni," alisema. "Mwili wako ndio blanketi lake. Akipoa, unampasha. Akisikia moyo wako, na wake unatulia."

Mwanzoni Josia alikaa kama gogo. Aliogopa hata kupumua. Baada ya muda alisikia kitu chepesi kinapiga dhidi ya kifua chake. Upesi upesi. Ulikuwa moyo wa mwanawe. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Kutoka kitandani Kabula aligeuza kichwa, akamwona.

"Josia," aliita kwa sauti ndogo. "Umebeba mimba wewe sasa."

Akacheka. Josia hakuwa amemsikia akicheka tangu uso wake ulipovimba.

Walikaa hospitali mpaka presha ya Kabula ikatulia na mtoto akaanza kuongezeka. Walifundishwa mengi. Kabula alijifunza kukamua maziwa na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, hata kama amelala. Josia alijifunza kupokezana naye kangaruu, mchana na usiku. Waliagizwa kunawa mikono kwanza, kutomwogesha mtoto bado, na kumzuia asishikwe na kila mgeni. Mtoto akigoma kunyonya, akipoa mwili, au akipumua kwa shida, wamkimbize hospitali. Kabula naye aliambiwa asiache dawa ya presha mpaka daktari aseme, kwa sababu hata baada ya kujifungua ugonjwa unaweza kurudi.

Walipofika Kasoli, Bi Minza alikuwa ametayarisha chumba. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Katikati ya chumba jiko la mkaa lilikuwa linawaka, hewa imekuwa nzito.

"Mwangaluka, mayu," Kabula alimsalimia.

Bi Minza aliitika bila kumtazama. Alikuwa anamtazama mjukuu wake ndani ya kanga, kifuani kwa Josia. Akaketi sakafuni, akaanza kulia.

"Nilimzaa mmoja wa hivi," alisema. "Kabla yako, Josia. Nilimweka karibu na moto, nikachochea kuni bila kuchoka. Alikohoa, alikohoa. Hakuishi. Sitaki kuona tena."

Josia hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Aliinama akamgusa mama yake bega. Kisha akamwomba Kabula afungue dirisha, na yeye akaita jirani alitoe jiko nje.

"Atakufa kwa baridi!" Bi Minza alisema.

"Mama, hospitali wametufundisha. Moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni sumu. Hata sisi wakubwa unatuua. Nawa mikono, uje hapa."

Bi Minza alinawa. Josia akaushika mkono wake, akauingiza taratibu ndani ya kanga, mpaka vidole vyake vikagusa mgongo wa mtoto.

Bi Minza alimpapasa mtoto taratibu. Uso wake ukabadilika.

"Eh! Ana joto kama kiazi kilichotoka kwenye jivu."

"Na hakuna moto."

"Na hakuna moto," Bi Minza alirudia. Hakuutoa mkono. Mwishowe alisema, "Wewe huwezi kukaa hivi siku zote. Na mimi nina kifua. Nipeni zamu yangu."

Tangu siku hiyo mtoto alikuwa na vifua vitatu. Jina lake walimpa Minza, kama bibi yake.

Si wote walioelewa. Rafiki yake Josia, aliyeitwa Mayige, alipita na ng'ombe wake akamkuta Josia amekaa barazani, amefunga kanga kifuani kama mama.

"Mwenzetu!" Mayige alisema huku anacheka. "Umeota matiti? Wanaume wako shambani, wewe umekuwa mlezi!"

Josia hakukasirika. "Mayige, funga mdomo, mwanangu amelala. Na usimlete ng'ombe hapa barazani."

"Na pamba yako?"

"Nenda ukaitazame."

Mayige alikwenda kweli. Alikuta shamba limejaa vijana wa kanisa, wanaimba na kuchuma. Eufrasia alikuwa amewakusanya. Walichuma mpaka kitumba cha mwisho. Mayige alisimama pembeni ya shamba kwa muda. Kisha akafunga ng'ombe wake kwenye mti, akachukua kiroba.

Jioni alirudi kwa Josia. Safari hii alikuja bila utani.

"Josia, mke wangu naye ni mjamzito. Mimba bado changa. Zile dalili za Kabula zilikuwaje?"

Josia alimtajia zote. "Lakini usisubiri dalili," alisema. "Presha inaweza kupanda mtu asijue. Mpeleke kliniki mapema. Na uende naye, uyasikie mwenyewe."

Wiki iliyofuata Mayige alionekana kliniki, amekaa kati ya wanawake, kofia ameishika mikononi.

Mtoto Minza aliongezeka. Shingo ilijaa, mashavu yakachomoza. Kilio chembamba kilikwisha, kikaja kilio cha mwenye nyumba. Kabula alipimwa presha mara kwa mara, na siku moja daktari alimwambia aache dawa. Ila mimba nyingine ikija, aanze kliniki mapema sana na awaambie yaliyompata.

Kisha ikafika siku ya kumpima mtoto kwenye zahanati ya kijiji. Walikwenda wote. Baraza lilijaa akina mama, na baba zaidi ya mmoja. Eufrasia ndiye aliyekuwa akiwapanga. Minza alitolewa kifuani kwa baba yake, akawekwa kwenye mzani. Mshale ukapanda, ukapita pale walipokuwa wakipaomba.

Josia alimpokea, akaanza kumfunga tena kwa kanga. Minza akachomoa mguu. Josia akaurudisha. Minza akachomoa mikono yote miwili, akamsukuma baba yake kifuani, akapiga kelele zahanati nzima ikageuka.

"Ana nini?" Josia aliuliza kwa hofu. "Ameumia?"

Eufrasia alikuwa anacheka mpaka ameshika mlango.

"Hana kitu! Mtoto akishakua vya kutosha, mwenyewe anakataa kufungwa. Joto lake linamtosha sasa. Mwanao amehitimu."

Bi Minza alinyanyuka kwenye benchi. Akapiga vigelegele, virefu, mpaka akina mama wote barazani wakampokea. Kabula alimchukua binti yake, akamweka begani kama watoto wengine wanavyobebwa, na Minza akanyamaza, akawa anatazama watu.

Josia alibaki ameshika kanga tupu, kifua kimepoa, anacheka peke yake.