Fomu ya Goti la Kushoto

Fomu ya upasuaji ya binti yangu iliandikwa goti la kulia. Goti bovu lilikuwa la kushoto. Aliyeandika ni mimi, baba yake, mtunza mafaili wa hospitali.

Ilikuwa hivi. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi kuamua kama hospitali yetu inastahili cheti cha usalama. Jumatatu muuguzi mkuu wa upasuaji aliniletea rundo la fomu. Kila fomu ina maswali ya kumuuliza mgonjwa kwa sauti kabla hajalazwa usingizi: jina lako nani, unapasuliwa wapi, upande umewekwa alama ya kalamu? Akishajibu, ndipo unaweka alama ya vema. Zote zilikuwa tupu. Kadhaa zilikuwa za wagonjwa ambao hawajapasuliwa bado.

"Zijaze zote," alisema. "Una mwandiko mzuri."

"Lakini sikuwepo, Sista."

"Na wakaguzi hawakuwepo. Unataka tukose cheti kwa ajili ya vema?"

Nikazijaza, arobaini na moja. Mkono ulipochoka nikawa nanakili tu kutoka ya juu, bila kusoma majina. Ya juu ilisema kulia.

Jumatano asubuhi nilikwenda wodini kumsindikiza binti yangu. Ana miaka kumi na mitatu, na nyumbani tunamwita Wakili kwa sababu haachi neno lipite. Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeshaletwa. Yeye alikuwa amefungua faili lake, anasoma.

"Baba, huu si mwandiko wako?"

Nikatazama dari.

"Hapa pameandikwa nimeulizwa jina. Nani kaniuliza? Goti limewekwa alama. Iko wapi?" Akapandisha gauni. Magoti yote mawili yalikuwa safi. "Halafu mbona kulia?"

Muuguzi mkuu akaja mbio.

"Mwanangu, panda. Daktari anasubiri. Hayo ni makaratasi tu."

"Kama ni makaratasi tu, mbona mmeyajaza?"

Bibi wa kitanda cha jirani akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjibu basi!"

"Mtoto huna adabu wewe!"

"Shikamoo, Sista," binti yangu akasema. "Sipandi."

Muuguzi akanigeukia. "Mzee, mwambie mwanao. La sivyo, kesho katafute kazi kwingine."

Binti yangu hakulia. Alinikazia macho. "Baba, sema ni goti lipi."

"La kushoto," nikasema. "Na fomu zote nimejaza mimi. Sikumuuliza mtu hata mmoja."

Daktari aliposikia, alivua glavu zake na kuahirisha upasuaji wote wa siku ile. Alhamisi, wakaguzi hawajakaa vizuri, niliweka zile fomu arobaini na moja mezani kwao. Muuguzi mkuu aliniita msaliti.

Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, alikwenda mpaka kitandani kwa binti yangu.

"Vema ina maana mtu ameuliza na mwingine amejibu," alimwambia. "Ikiwekwa kabla ya swali ni uongo, hata kama jibu ni sahihi. Usikubali mtu akujibie juu ya mwili wako, awe na cheo gani." Kisha akanitazama. "Na wewe, baba, ulilijua hilo kabla yake."

Nililijua.

Goti la kushoto lilipasuliwa baada ya siku kumi na mbili. Daktari aliuliza maswali yote, na Wakili akayajibu kwa sauti iliyosikika mpaka koridoni.

Gharama yake ni hii. Cheti tulinyimwa mwaka mzima. Muuguzi mkuu alivuliwa usimamizi. Mimi nilisimamishwa kazi miezi miwili. Binti yangu alichechemea siku kumi na mbili zaidi, akakosa mtihani wa hisabati. Wagonjwa thelathini na wawili waliokuwa wamepasuliwa tayari waliitwa warudi wachunguzwe upya. Thelathini walikuja, na wote walikuwa salama. Wawili hatujawapata mpaka leo.